Jumatano za Chausiku

Rukaiya, zima hiyo feni, inameza maneno yangu kabla hayajawafikia, na wewe Mwishehe, simu hiyo ilaze kifudifudi. Wanaokutafuta leo watakutafuta na kesho, lakini mimi sina hakika na kesho yangu. Sogezeni viti. Mlango wa ukumbini uacheni wazi hivyo hivyo, nataka niwe naliona lile jamvi ninaposema, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanalihusu. Daktari aliwaambia mnirudishe nyumbani, nanyi mkanieleza kwamba nimepata nafuu. Sikuwabishia, maana anayekudanganya kwa huruma hastahili kuaibishwa. Lakini mimi ni mtu wa maabara, nimepima saruji kule kiwandani Wazo tangu nilipotoka chuo kikuu hadi nilipostaafu, na naujua mlio wa sampuli inayokaribia kupasuka. Mlio huo nausikia kifuani mwangu. Basi nisikilizeni, wanangu, wala msinikatize hata nikinyamaza. Nitakuwa natafuta pumzi, si kwamba nimemaliza.

Nianze na mali, niitoe njiani, isije ikakaa masikioni mwenu mkashindwa kusikia mengine. Mirathi ameigawa Mwenyezi Mungu mwenyewe, nami si mtu wa kumsahihisha. Nyumba hii ya Mtoni, na kile kiwanja cha Wazo chenye mawe kuliko udongo, nikishafukiwa mwiteni Shehe Abdulrahman, atampa kila mmoja fungu lake, na atakayenung'unika akanung'unike kwa Aliyepanga. Sidaiwi na mtu, wala simdai mtu. Vitabu vyangu vya kemia vipelekeni shuleni kwa Rukaiya, na vilivyopitwa na wakati wapeni wauza maandazi wafungie. Elimu isiyosomwa angalau ibebe kitafunwa. Hayo ndiyo ya mali, nayo yamekwisha. Ninachotaka kuwausia hakigawiki kwa mafungu, na Shehe hana mamlaka nacho. Ninawausia Jumatano.

Mwishehe, usitabasamu. Najua uliniambia kwa simu enzi za mama yenu, "Mzee, hizo Jumatano zako zitakuja kukuua." Sasa unaona kwamba ni moyo na figo ndizo zinazoniua, na Jumatano hazina hatia.

Nyie mnaijua habari hii kwa vipande, maana ilipoanza wewe Mwishehe ulikwisha hamia Mbezi Luis na duka lako la vipuri, na Rukaiya alikuwa akifundisha Lindi. Ilianza nilipostaafu. Basi la kiwanda liliacha kunipitia, lakini mwili haukuarifiwa, ukawa unaamka alfajiri ile ile, unavaa shati lile lile, unakaa kwenye kiti kile pale barazani na kuitazama barabara. Mama yenu alinivumilia kwanza. Kisha asubuhi moja akaja na ufagio mkononi, akasimama mbele yangu, akasema, "Fakihi, mie sikuolewa na saa ya ukutani. Nilimfuata mtu wa Newala kwa miguu yangu, na watu wetu wakanicheka, kwa sababu nilidhani nimepata kitu ambacho sijakiona. Sasa nakiona kila siku, na kila siku ni kile kile." Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka siku moja katika wiki, siku ambayo mimi na yeye tutafanya jambo ambalo hatujapata kulifanya tangu tuzaliwe.

Akachagua Jumatano. Mnajua kwamba bibi yake, Mzaramo wa Mtoni hii hii tangu ilipokuwa minazi mitupu, alikuwa akiiogopa Jumatano, haanzi safari, hapokei posa, hapandi hata mche wa pilipili. Nikamkumbusha. Mama yenu akasema, "Ndiyo maana. Siku ambayo watu hawaanzi jambo, njia zake hazina msongamano."

Akaweka na masharti, nami nayaweka mbele yenu kama alivyoyaweka mbele yangu. Jambo liwe dogo, la kutendeka siku hiyo hiyo. Isiwe lazima ulifanye vizuri. Ukilifanya vibaya limehesabika, mradi umelifanya. Na sharti la mwisho, ambalo wakati ule nililiona la kitoto na leo nalijua kuwa ndilo nguzo ya nyumba, ni hili: lazima umsimulie mtu kabla hujalala. Alisema jambo jipya lisilosimuliwa ni kama chakula kilichopikwa kikaachwa chunguni. Kimeiva, ndiyo, lakini hakijamshibisha mtu.

Basi tukaanza. Jumatano moja alinunua ming'oko kwa mama mmoja wa Kimwera pale sokoni Temeke, vile viazi vya porini vya kwetu kusini ambavyo kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akiviita mizizi ya vita, akavila vyote akiwa amefumba macho, kisha akafumbua jicho moja akasema, "Kumbe mlikuwa mnatuficha." Jumatano nyingine nilimfulia nguo mimi, nikachanganya nyekundu na nyeupe, na shuka zenu za sikukuu zikawa na rangi ya juisi ya tikiti, zipo kabatini hadi leo, msizitupe. Jumatano nyingine tulikwenda kumsalimia jirani ambaye tulipishana naye miaka na miaka bila kujua jina lake, tukakuta ni mtu mchoyo na mwenye maneno, tukarudi tumekasirika wote wawili, na mama yenu akasema hata hiyo imehesabika, sasa tunajua.

Tena tulikwenda kwako Mbezi Luis, Mwishehe, lakini hatukuja kwako. Tulikwenda stendi kuu ya mabasi, tukanunua chai, tukakaa tukayatazama mabasi yakiondoka. Kijana mmoja mkata tiketi akatuganda. "Mzee, Kahama? Nzega? Mwanza siti za mbele zipo, mama atalala kama yuko kwake." Nikamwambia hatusafiri. "Hamsafiri? Mnampokea mtu?" Hatumpokei. "Sasa wazee wangu, stendi mmefuata nini?" Mama yenu akamjibu bila kugeuka, "Tumekuja kuwaaga wasio na wa kuwaaga." Akasimama, akainua mkono, akawa anapunga kila basi linapotoka, na watu waliokaa peke yao madirishani, wasiomjua, wanampungia. Yule kijana aliacha kuita abiria. Akasimama kando yake naye akapunga.

Na baiskeli. Hiyo mnaijua, kwa sababu iliwafikia kama fedheha. Mama yenu, bibi wa watu mwenye wajukuu, aliamua kujifunza baiskeli, na mimi nilikuwa nikimkimbilia nyuma nimeshika kiti kwenye kile kiwanja cha mpira, na vijana wanapiga kelele, "Bibi, shika breki! Shika breki, bibi!" Naye anawajibu kwa sauti ambayo ilifika Kilwa Road, "Sina breki, wanangu, nina Mungu!" Akaanguka, akachubuka goti, akaniambia nisimfute damu, anataka kuitazama. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu huisema methali hiyo kwa kumkejeli mpenda mambo mapya, lakini yeye aliisema kwa kujisifu.

Nipeni maji. Kidogo tu. Yatosha.

Sasa nafika kwenye jamvi.

Mama yenu alipofariki, mimi nilikuwa makaburini na wanaume wenzangu, na yaliyotokea hapa uani niliyakuta yamekwisha. Sisimulii kwa kulaumu, Rukaiya, tulia. Nasimulia kwa sababu kaka yako hakuwepo pale, na kwa sababu jambo hili limelala kati yetu kama lilivyolala jamvi lile. Bi Kalunde, jirani yetu wa nyuma ya ukuta huu, ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara ya wapagazi. Maisha yao yote yeye na mama yenu walikuwa hawasalimiani mpaka watukanane kwanza. Mama yenu akimwona tu getini alikuwa akisema, "Ingia, mpagazi, weka mzigo chini! Babu yako alileta jino la tembo begani, akaona kurudi ni mbali, akazaa hapa hapa." Naye Kalunde anamjibu, "Na nyie mliuza minazi yote mkacheza ngoma, sasa mnakunywa chai bila tui." Kisha wanakaa wanachambua mchele. Mtu asiyejua angedhani ni maadui, na kumbe siku ambayo mmoja wao hakutukanwa, huuliza kama mwenzake anaumwa.

Msibani mtani ana kazi yake, na kazi hiyo haifanywi na mtu mwingine. Wafiwa hulia, mtani huchekesha. Huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake na maneno yake, husumbua, huomba, hudai, mpaka aliyekuwa hajala anajikuta amecheka na amekula. Na siku ya kuanua tanga, yaani siku ya kumaliza msiba, kwa kina mama yenu mtani ndiye anayekunja jamvi walilokalia wafiwa na kulitoa nje. Akishalitoa, msiba umekwisha. Watu wanarudi kwenye shughuli zao, wala si aibu kucheka.

Kalunde alikuja kuifanya kazi yake. Alijifunga khanga ya mama yenu, akapanda ile baiskeli hapo uani, yeye naye hajui, akawa anayumba kati ya masufuria na kupiga kelele, "Sina breki, wanangu, nina Mungu!" Wanawake wakaangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Na wewe Rukaiya, uliyekuja jana yake kutoka Lindi, uliyekulia vitabuni na mabwenini ambako hakuna aliyekufundisha haya, ulimvua ile khanga mwilini, ukamwambia mbele ya watu, "Toka kwetu. Mama yangu si kichekesho." Akatoka. Wazee wakashika midomo. Mtani hafukuzwi, mwanangu. Mtani akifukuzwa hakuna mwingine wa kuifanya kazi yake. Siku ya tanga ilipofika khitma ilisomwa, pilau ililiwa, watu wakaondoka, na jamvi likabaki pale lilipotandikwa, kwa sababu wa kulikunja hakuwepo, na wewe hukumruhusu mwingine aliguse.

Ni mwaka wa tatu huu. Tunalizunguka jamvi lile kama watu wanaozunguka shimo. Baiskeli umeifungia stoo. Khanga ya mama yako iko kwenye msumari ule ule. Na nimekaa mezani nikitazama unachonipakulia, Jumatatu maharage, Jumanne mchicha na dagaa, Jumatano wali wa nazi, ikanichukua muda kuelewa, kisha nikaelewa: hivyo ndivyo mama yako alivyopika katika wiki yake ya mwisho ya kuwa na nguvu, wiki uliyokuja kututembelea. Umeichukua wiki moja katika maisha ya mwanamke ambaye hakupenda kurudia, ukaifanya sheria. Unampikia marehemu, binti yangu. Umeomba uhamisho ukarudi Mtoni, ukamkataa yule mwalimu mwenzako aliyekuja kwa heshima na wazee wake, hukwenda kwenye ile semina ya Dodoma, na ukiulizwa unasema unamtunza baba. Sasa baba anaondoka. Hofu yangu, na ndiyo hofu pekee niliyo nayo kitandani hapa, si kaburi langu. Ni kwamba mkitoka kunizika utarudi ndani, utandike jamvi la pili juu ya la kwanza, ufunge na mlango.

Usilie bado. Zamu ya kaka yako.

Mwishehe, wewe ulimwambia dada yako kwamba ameifanya nyumba makumbusho, iuzwe, kila mtu achukue chake, "nyumba hii ni mtaji tu." Naye akakujibu kwamba wewe ungeuza hata kaburi kama ungepata dalali. Tangu siku hiyo mnasalimiana kwa picha za maua kwenye simu. Wewe unajiona umeponea upande wa pili, kwa sababu una gari jipya na simu mpya na kila mwezi una mpango mpya. Lakini kununua kipya si kujaribu kipya. Nimekutazama: njia yako moja, rafiki zako wale wale, vicheko vyenu vya mwaka ule, na hujapata kukaa na mwanao chini ukamwomba akufundishe jambo analolijua yeye. Unakimbia sana, mwanangu, na umesimama pale pale. Dada yako amesimama na anajua kwamba amesimama. Katika hilo amekuzidi.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, walisema wazee. Mimi sikulima. Nilikuwa nafanya Jumatano zangu.

Ndiyo, niliendelea. Hamkujua, kwa sababu hamkuuliza. Jumatano ya kwanza baada ya arobaini nilipika chapati. Rukaiya ulikuwa shuleni. Nilipima unga kwa mizani, na maji na chumvi, kama mtu wa maabara, zikatoka ngumu, nyeupe, za kupigia mlango. Nikala moja. Nikakaa. Jioni ikafika nikakumbuka sharti la mwisho, na hapo ndipo nilipofiwa, wanangu. Makaburini sikulia, mnajua. Watu walinisifu kwa subira. Lakini siku ile nilikuwa nimeshika chapati mkononi, na nyumba nzima haina mtu ambaye angetaka kujua kwamba Fakihi leo amepika chapati. Ulirudi, Rukaiya, nikaanza kukusimulia, ukasema, "Baba, jikoni usiingie, pumzika." Ulisema kwa mapenzi. Nikapumzika. Mpweke si yule asiye na watu. Mpweke ni yule ambaye siku yake haina pa kwenda inapokwisha.

Nikatoka uani nikasimama karibu na ukuta, na kwa kuwa sikuweza kulala na sharti la mama yenu shingoni, nikasema kwa sauti, nikiuambia ukuta, "Chausiku, leo nimepika chapati, zimekuwa ngumu." Kisha upande wa pili sufuria likaacha kusuguliwa, na sauti ikasema, "Shemeji, hizo zipeleke Wazo wakazipime, pengine zinafaa kujengea."

Nilicheka. Nilishika ukuta kwa mikono miwili nikacheka, hadi nikalazimika kukaa chini.

Tangu siku ile Bi Kalunde ndiye aliyezipokea Jumatano zangu. Hakuvuka geti hili hata mara moja, kwa sababu alifukuzwa na binti wa nyumba, na yeye ni mtu wa adabu kuliko kelele zake. Ukuta ulikuwa kati yetu, na mimi nikiwa huku namwambia leo nimenyoa kwa kinyozi wa vijana, na yeye anauliza kama nimepaka na rangi. Leo nimekwenda msikiti wa mtaa mwingine. Leo nimekwenda stendi kupunga mabasi peke yangu, na mkono ulikuwa mzito, na alinipungia mtoto mmoja tu. Siku hiyo hakutania. Alisema, "Mmoja anatosha, shemeji. Mwenzio angesema imehesabika." Yeye naye watoto wake wako mbali na mumewe alitangulia. Mtembezi hula miguu yake, wanasema, lakini mzee anayetembea na kurudi na neno moja la kusimulia hajala miguu bure.

Miguu ilipoanza kuvimba, Jumatano zikawa ndogo. Kuandika kwa mkono wa kushoto. Kula embe bichi bila chumvi. Kusikiliza singeli ya jirani wimbo mzima bila kulalamika, na niwaambieni, mwisho wake una mdundo mzuri. Nimeona kwamba hata kitandani dunia haikwishi. Ni sisi ndio tunaoifunga mapema.

Nivute pumzi.

Haya. Yashikeni haya, ndiyo maagizo yangu. Nikifa nizikeni mapema, bila msururu wa magari, kando ya mama yenu kama pana nafasi, na kama hapana popote, ardhi ni moja. Kwa kuwa mke wangu alikuwa Mzaramo na mimi nimekaa kwao kuliko kwetu, mtani wake ni mtani wangu: Bi Kalunde aje, avae kofia yangu na miwani yangu, apime unga kwa mizani, apige chapati mbele ya watu, aigize ninavyokohoa na ninavyosema "kwa usahihi zaidi." Mcheke. Asiyecheka msibani kwangu atakuwa hakunijua. Siku ya tanga alitoe jamvi langu siku hiyo hiyo, lisilale. Rukaiya, khanga ya mama yako utampa yeye, ile uliyomvua. Baiskeli ni yako, na utaipanda vibaya. Nyumba ikigawiwa, msiuze kwa hasira wala msiikalie kwa hofu. Chumba changu hiki kiwekeni mpangaji mgeni kabisa, mtu wa mbali, mwenye chakula msichokijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kila Jumatano, wewe Mwishehe na wewe Rukaiya, kila mmoja afanye lake, dogo, hata likiharibika, na kabla ya kulala ampigie mwenzake amsimulie. Kwa sauti, si kwa picha za maua. Hiyo ndiyo mirathi ambayo mkiigawa inaongezeka, na mkiiacha siwadai, ila mtakuwa mmeniua mara ya pili.

Lakini kuna moja haliwezi kusubiri. Sitaki msiba wangu utandikwe juu ya msiba wa mwingine. Jamvi la mama yenu litoke kabla yangu. Leo Jumatano, na sina nguvu ya chapati, wala ya kusimama ukutani. Jambo langu jipya la leo ni kwamba nimemwita mtu aingie nyumba ambayo alifukuzwa. Nilimtuma mtoto wa dukani asubuhi. Mlio huo unaousikia, Rukaiya, wa ufunguo kugonga geti, ndio ugongaji wake.

Sikulazimishi. Mwenye kufukuza ndiye mwenye kukaribisha. Mimi nikimfungulia, au kaka yako, ataingia nyumbani, lakini hataingia kazini. Nenda, au keti. Vyote nimevisamehe.

Ameinuka. Mwishehe, usimfuate. Nishike huku, chini ya bega… hivyo. Niambie unaona nini, macho yangu yana ukungu. Amesimama? Amesimama kwenye jamvi. Pembeni yake? Juu yake, unasema? Amelikanyaga. Alhamdulillahi. Siku zote alikuwa akilizunguka.

Sisikii komeo. Tusubiri. Kusimama kwa mtu mbele ya mlango hakuharakishwi.

Nikisubiri niwaombee. Mwenyezi Mungu awape siku zisizofanana. Awape mikono isiyoogopa kuharibu. Awape kila jioni mtu wa kumwambia. Asiwafungie… asiwafungie nyumba kwa ndani. Kosa lenu kwangu liwe halali yenu. La kwangu kwenu, nihalalishieni. Sema amin, Mwishehe. Isemee na dada yako.

Komeo hilo.

Umesikia anavyopaza sauti huyu bibi? "Shemeji, hujafa bado? Nimeacha chungu mekoni nikidhani nimechelewa maziko!" Ngoja. Nyamaza. Rukaiya anamjibu nini? Sauti yangu imeniziba masikio. Rudia, Mwishehe, rudia alivyosema.

"Ingia, mpagazi, weka mzigo chini."

Amesema hivyo? Kwa sauti ya mama yake…

Sasa wote wawili wanalia, au wanacheka. Kwa mbali ni kitu kimoja. Hilo vumbi ni la jamvi. Wamelikunja. Wacha lije, usifunge mlango, wacha nikohoe. Niinue kidogo. Hapo. Basi, mwanangu. Kila siku nilikuwa nikijiuliza nitakapokutana naye nitaanza na lipi… Sasa ninalo. Nitamsimulia hili. Kabla sijalala.